Yule Mama wa Kitabuni

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Baba yako hajambo, shangazi yako hajambo, mdogo wako hajambo ila kikohozi. Mimi nipo.

Kitabu chako ulichoandika kimefika. Shangazi anatusomea mchana huku mimi nashona, na nikisinzia najiona natembea humo ndani, kurasa laini kama shuka. Jana tulimaliza. Yule mama anamwacha binti yake dirishani, anakwenda kutafuta kazi, harudi.

Mwanangu, mimi nilikwenda. Lakini nilirudi.

Nikamuuliza jirani yetu mwalimu kama huyo ni mimi. Akasema, "Mama, kitabu kikishatoka, mwandishi hana neno tena. Anayesoma ndiye mwamuzi."

"Hana neno? Huyo nimemzaa mimi, hata usingizini alikuwa anabisha!"

Akacheka. Sasa nikifumba macho namwona yule mama yuko njiani, kavaa viatu vyangu, hajui ageukie wapi.

Basi mimi msomaji nimeamua: anarudi. Ila akifika mlangoni, hapo siwezi kuamua peke yangu. Niandikie upesi, mwanangu, uniambie kama yule binti alimfungulia.

Ni mimi mama yako