Mzee Kanti Amefunga Duka

Chato

Mama Neema wangu,

Kama unasoma umesimama, kaa kwanza.

Unakumbuka nilivyoogopa kumwambia Mzee Kanti kwamba safari ya kwa Bibi tuliipanga kabla hajaniajiri? Nilimwambia wachimbaji wakiwa wamejaa dukani wanagombania sululu. Nikajua kazi nimeshaipoteza. Akaniuliza, "Kwa bibi yako ziwa linaonekana?" Nikamjibu linaonekana hata ukikaa jikoni. Akawatoa wateja, akafunga duka, tukapanda basi moja mimi na bosi wangu.

Bibi alimpikia sato mzima. Mzee akasema kwa dini yake hali samaki. Bibi kapigwa na butwaa mpaka leo, ananiuliza pembeni huo ni ugonjwa gani. Sasa anamlisha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na mtindi, na mzee anaomba aongezwe.

Lakini kilichonigusa zaidi ni cha jana jioni. Alivua viatu, akaingia ziwani hadi magotini, akaanza kulia. Akaniambia, "Marehemu mke wangu aliniomba kila mwaka nimlete alione ziwa hili. Kila mwaka nilimjibu, duka nitamwachia nani."

Mama Neema, nilipokuomba tuje wote, nawe ulinijibu hivyo hivyo kuhusu cherehani yako. Ifunike. Mchukue mtoto mpande basi la alfajiri. Bibi ameshawatandikia kitanda, na mimi nitakuwa stendi nawangoja.

Wako anayekukumbuka kila akiliangalia hili ziwa,
Baba Neema