Nimestaafu Nikae na Mume Wangu, Naye Kahamisha Cherehani

Mpendwa mshauri,

Nisaidie, na ukitaka kucheka cheka kwanza, maana hata dada yangu amecheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa muuguzi mkuu wa wodi kwa miaka ishirini na sita, nikastaafu nikiwa na hamsini, miaka kumi kabla ya wakati, kwa sababu moja tu, nilitaka kukaa na mume wangu ambaye ni fundi cherehani na hushonea barazani kwetu, maana zamu zimetunyima mengi, nikasema sasa na sisi tutakunywa chai pamoja kama watu. Wiki ya kwanza raha mustarehe, nililala mpaka nikachoka kulala, ya pili nikapanga makabati, ya tatu hakuna tena cha kupanga, wenzangu wodini nikiwapigia simu wanasema "Sista, tuko raundi," wanakata, basi nikageukia wateja wake, huyu miguu imevimba, yule anahema, nikawa nawapima presha kabla hawajapimwa nguo, na mama mmoja aliyeleta gauni liongezwe kiuno nikamwambia aache gauni, apunguze mwili. Nikabandika na karatasi mlangoni: kuonana na fundi ni saa kumi mpaka kumi na mbili jioni. Nilidhani nampumzisha! Jumatatu natoka kuoga nakuta baraza tupu, amebeba cherehani, pasi na kiti chake, kahamia kwa kinyozi mtaa wa pili. Jioni anarudi, anakula, anasema "Asante, Sista," na miaka yote hiyo aliniita mama watoto. Kazi nimeiacha kwa ajili yake, naye kanikimbia. Nifanye nini?

Muuguzi mstaafu

Dada yangu,

Nimecheka, samahani. Nilipofika kwenye hilo "Asante, Sista" nikaacha. Pole sana.

Sasa ngoja nikukaripie kidogo. Ulipanga siku ya kustaafu, hukupanga siku inayofuata. Mtu aliyezoea kuamrisha wodi nzima hatulii kwa sababu amekabidhi funguo. Mazoea yana taabu. Umemfanya mumeo mgonjwa wa kitanda namba moja, wala hukumuuliza kama anaumwa! Wateja kuja kupiga soga ndiyo raha yake, wewe ukamwekea saa za kutembelewa. Aliyehama barazani amemhama Sista, lakini kwa mkewe bado anarudi kila jioni. Shukuru.

Leo hii bandua karatasi hiyo. Kesho nenda chuo cha wauguzi kilicho karibu, uulize kama wanataka mwalimu wa siku mbili tatu kwa wiki. Wanafunzi wanahitaji kukaripiwa, waume hapana. Siku zinazobaki jifunze kukaa bure. Ni kazi ngumu, utaizoea.

Kisha chukua kitambaa, uende kwa kinyozi, ukae kwenye benchi na wateja wengine, usubiri zamu yako. Ukiona mguu umevimba, mnong'oneze mwenyewe aende zahanati, ukomee hapo. Na fundi akikuuliza unataka mshono gani, mwambie achague yeye.