Akiba Imeingia

Baba,

Shikamoo. Najua huwezi kunijibu, lakini ulitufundisha kwamba ripoti isiyotanguliwa na salamu haipokelewi, na mimi sitaki ripoti yangu irudishwe. Marahaba nimeisikia mwenyewe kichwani, pamoja na kile kikohozi chako kidogo kinachoitangulia.

Nakuandikia kutoka Bombambili, barazani, nimekalia kiti chako. Baridi ya Songea mwaka huu haina adabu. Nimevaa sweta lako la kahawia, lile nililolitia kiraka kwenye kiwiko, ambalo Mama aliwakatalia ndugu kuligawana siku ya kumaliza matanga. Linanukia sabuni tu. Nilitegemea lingekuwa bado na harufu yako, na nilipoona halina nilikaa chini nikalia. Halafu nikacheka, maana ungesema nguo ikishafuliwa na kunyooshwa ndiyo imekuwa sare.

Naanza na Mama. Mahindi uliyoyapanda mwenyewe yalipoanza kukauka shambani, aliamka asubuhi akashindwa kushika kikombe cha chai. Kiharusi, Baba. Upande wa kulia. Walimlaza hospitali, akarudi nyumbani mdomo umepinda kidogo, mkono umelala, maneno anayatoa moja moja kama anachambua mchele. Akili yake haijaguswa. Anakaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko na kumwamrisha kila anayepita, hata wageni waliokuja kumpa pole. Mnadhimu wako hajastaafu.

Watu wa mtaani walidhani hivyo vyeo ni utani. Ulipostaafu jeshini, sajenti mwenye magoti mabovu, ukaturudisha Songea, uliutazama uwanja wa nyumba hii ukaona kambi. Ukajipa ukuu wa majeshi, cheo ambacho kule ulikotoka ulikiona kwa mbali tu, siku za gwaride. Mama ukampa unadhimu. Ukatueleza kwamba mkuu anaamua, lakini mnadhimu ndiye anayeufanya uamuzi ugeuke ugali, kuni na maji, na jeshi lisilo na mnadhimu ni kundi la watu waliovaa nguo za kufanana. Mama alikusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi mkuu, kuni zimekwisha." Ukaenda mwenyewe kuzitafuta.

Jumamosi asubuhi tulipanga mstari. Kaka Gaudensi, mkubwa wetu, alikuwa seksheni ya maji. Dada Eufrasia seksheni ya jikoni. Titus seksheni ya banda la kuku. Kila seksheni mtu mmoja, lakini ulituapia kwamba hata jeshi kubwa la nchi nzima limeanzia hapo hapo: watu wachache wanaojuana kwa majina hufanya seksheni, seksheni hufanya platuni, platuni hufanya kombania, kombania hufanya kikosi, vikosi hufanya brigedi, mpaka unafika juu kabisa kwa mtu ambaye hajui jina lako lakini ni lazima ajue kama umekula. Hapo kwenye kula ulikuwa unaparudia kila mara. Anayeshika bunduki mbele ni mmoja, ulisema, na nyuma yake yupo anayempikia, anayemtibu, anayetengeneza gari lake, anayemjengea daraja, anayempelekea ujumbe. Ukitaka kumshinda usihangaike naye, mnyime chumvi.

Niliwahi kukuuliza umeua watu wangapi. Ulicheka. Ukasema risasi zako karibu zote zimeishia kwenye shabaha za mbao. Umelinda mpaka ambao hakuna aliyeuvuka isipokuwa mbuzi, umepiga deki, na kwenye mafuriko umebeba bibi za watu mgongoni kuwavusha maji, mmoja wao akikutukana njia nzima kwa sababu umemloweshea khanga. "Jeshi ni kungoja, Skola," ulisema. "Kungoja kwa nidhamu." Sikujua kwamba ulikuwa unanisema mimi.

Maana kila Jumamosi ulifika mwisho wa mstari, ukanitazama, ukasema, "Skola, akiba."

Kazi yangu yote ndiyo hiyo. Wenzangu waliondoka na ndoo na mafagio, mimi nikabaki kando yako, mikono nyuma, nikitazama. Ukiniuliza Gaudensi amefikia wapi, ni lazima nijue. Ukiniuliza Eufrasia ametia chumvi au bado, ni lazima nijue. Titus alipojikata mguu kwa jembe ulisema, "Akiba, ingia," nikalimaliza banda la kuku mimi. Lakini Jumamosi nyingi hakuna aliyejikata. Nilisimama tu mpaka kazi ikaisha, na Titus akipita karibu yangu alininong'oneza, "Wewe ni makombo." Nikamwamini. Mtoto wa mwisho, seksheni zimekwisha, basi akapewa neno la kumliwaza.

Neno hilo nimetembea nalo, Baba. Ulipohangaika kumpeleka Gaudensi chuo, nilikuwa akiba. Ulipompa Eufrasia na mumewe miche ya kahawa wakaanzie maisha Mbinga, nilikuwa akiba. Niliposema nakwenda Tunduru kujifunza ushonaji hukunizuia wala hukunisukuma. Ulisema tu, "Nenda. Uwe tayari." Tayari kwa lipi, hukusema, na mimi kwa hasira zangu sikuuliza.

Tunduru nikajijenga. Chumba kimoja karibu na stendi, cherehani moja, kisha ya pili, kisha ya tatu, na wasichana wawili wanaojifunza kwangu. Korosho zikilipa vizuri wanawake wanashonesha magauni mpaka tunakataa kazi, na wanunuzi wa vito wanataka suruali zenye mifuko ya siri. Ni pangu. Hakuna aliyenipangia pale, na hakuna aliyeniambia nisimame kando.

Sasa sikia kilichotokea. Mama alipotoka hospitali tulikutana sebuleni sote wanne. Gaudensi alitaka kumchukua, akaishi naye Dodoma. Mama alimtazama, akaanza kusema, na tulimngoja mpaka akamaliza: "Nimehamishwa na jeshi maisha yangu yote. Nikiotesha mchicha, naambiwa funga mizigo. Hapa nimefika. Sihami." Basi ikabaki kwamba mtu aje aishi hapa. Gaudensi ana ofisi na watoto wa shule. Eufrasia ana kahawa na wakwe. Titus anaendesha malori, nyumbani kwake mwenyewe ni mgeni. Macho yakaanza kuja kwangu, na Eufrasia akasema kwa upole, kwa kweli kwa upole, "Skola hana kinachomfunga."

Maana yake sina mume, sina mtoto, na cherehani tatu hazimfungi mtu. Nilisimama nikawaambia mimi si kiraka cha kubandika kila palipotoboka. Shangazi, dada yako, akakubali kukaa na Mama kwa muda, ingawa naye ana magoti yenu yale yale ya ukoo. Asubuhi nikapanda basi, na kutoka hapa mpaka Namtumbo sikutazama dirishani hata mara moja.

Nilikuwa nimeshaamua, Baba. Nataka ujue hivyo. Nilikuwa sirudi.

Halafu Mzee Issa akaja dukani. Yule Myao mliyekuwa naye platuni moja, aliyesimama mguu sawa kwenye kaburi lako mpaka waombolezaji wakaisha. Alileta kanzu ya kupunguzwa. Nikamwamkia, akaitikia, akasema Mwenyezi Mungu akurehemu, akakaa kwenye benchi la wateja akinitazama nikipima pindo. Mara akaniuliza, "Hivi wewe ndiye ile akiba?"

Nilimuuliza neno hilo kalitoa wapi. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Baba yako alilichukia neno hilo kuliko uji wa mazoezini," akasema. Akanisimulia. Kapteni wa kombania yenu, kila mkienda mazoezi, alizituma platuni nyingine mbele na yenu akaiacha nyuma ya kilima. Akiba. Wenzenu wanarudi na vumbi na hadithi, nyinyi mmekaa mnasugua bunduki. Wakawaita walinzi wa masufuria. Siku moja ukashindwa kuvumilia, ukaomba ruhusa ya kumwona kapteni, ukamuuliza, "Afande, sisi tuna kasoro gani?"

Naye akakujibu, "Sajenti, nikikutuma wewe kwanza, mambo yakiharibika nitamtuma nani?"

Mzee Issa alisema ndivyo ilivyo kwenye kila jeshi, liwe dogo au kubwa. Kamanda mjinga huwapeleka wote mbele, adui akitokea mlango wa nyuma anabaki kupiga kelele kwenye redio. Mwenye akili hubakiza watu, na habakizi wazembe, kwa sababu hao ndio watakaoingia hali ikishakuwa mbaya, bila kuonyeshwa njia, na kazi ya kila mmoja ni lazima waijue. "Baba yako alituambia mara nyingi," akasema. "Yule wangu wa mwisho nimemweka akiba. Ataingia tukishaelemewa." Nikamuuliza kwa nini mimi hukuniambia. Akasema akiba ukiiambia mapema inavimba kichwa, kisha akaniomba nimkazie na kifungo cha shingoni.

Nilikukasirikia, Baba. Nakwambia kama ilivyo. Wewe uliuliza swali moja tu, kapteni akakujibu siku ile ile. Mimi uliniona nimesimama kando utoto wangu wote, uso umenishuka, na hukufungua mdomo. Mtoto si platuni. Ungeniambia mara moja tu, hata kwa kunong'ona, hata siku zile za mwisho nilipokuwa nakulisha.

Hapo ndipo nilipokumbuka, nikauachia mkasi ukaanguka.

Ulikuwa umelala chumba cha mbele, Mama ameketi miguuni pako. Nilishika bakuli la uji, nakoroga upoe. Ulinishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua kama bado unazo, ukaniuliza, "Tayari?" Nikadhani unauliza uji. Nikakujibu, "Bado, Baba. Wa moto." Ukanitazama kidogo, ukatabasamu, ukasema, "Basi tungoje." Baadaye ukala vijiko viwili, ukageukia ukutani. Amri yako ya mwisho nimeijibu kwa habari za uji. Nimelia kwa ajili ya hilo mpaka wasichana wangu wakafunga duka kwa niaba yangu.

Nimerudi, Baba. Ila sikurudi kama makombo. Niliwapigia simu wote watatu. Nikawaambia akiba inaingia, lakini akiba isiyopelekewa chakula ni watu waliotelekezwa. Gaudensi nimempa ugavi: dawa za Mama, na mtaalamu wa kumnyoosha mkono. Eufrasia analeta maharage na mahindi, na kila mwezi anakuja kukaa na Mama ili mimi niende Tunduru nikaangalie kazi. Titus ni mawasiliano. Popote alipo, asubuhi anampigia Mama, na anamngoja amalize sentensi zake. Gaudensi alianza kunikumbusha kwamba yeye ndiye mkubwa. Nikamwambia, "Kaka, nakuheshimu, lakini wa Dodoma haoni uwanja." Akasema, "Sawa, afande." Sijui kama alitania. Dawa zimefika.

Duka nimemwachia Rehema, mkubwa kati ya wale wasichana wawili. Mzee Issa aliniambia kamanda akishaingiza akiba yake, kazi inayofuata ni kutengeneza nyingine. Kwa hiyo nilimkalisha Rehema nikamwambia waziwazi: wewe ni akiba yangu, na maana yake ni hii na hii. Akavimba kichwa kweli. Nimemwacha avimbe.

Nilishuka stendi ya Songea na cherehani moja, dereva wa bodaboda akaifunga kwa mpira, tukapanda hadi nyumbani taratibu. Mama alikuwa kwenye kigoda chake. Nilisimama uwanjani, pale pale mwisho wa mstari, cherehani miguuni, sijui nianzie wapi baada ya maneno niliyoyasema siku ile ya kikao. Alinitazama muda mrefu. Midomo ikahangaika. Nilidhani anataka maji, nikapiga hatua.

"Tayari?" akasema.

Alikuwepo chumbani siku ile, Baba. Alikusikia, na alinisikia.

Nikapiga mguu sawa kwa kandambili. "Tayari, afande." Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akanionyesha ndoo kwa mkono mzima.

Kwa hiyo naaga hapa, maana ananiita. Nakuahidi hatahamishwa. Mchicha nimeuotesha jana, nyuma ya jiko, na atauchuma mwenyewe, kwa mkono wowote atakaojaliwa. Nakuahidi pia kwamba nitamwambia yeyote ninayemtegemea kuwa ninamtegemea, kabla hajazeeka kwa kungoja.

Zamu nimeipokea. Hakuna aliyebaki hapa mwenye cheo cha kukuamuru, basi nivumilie nikikuamuru mimi, wa mwisho wa mstari. Mguu pande, Baba. Pumzika.

Uji umepoa.

Wako,
Skola