Laini ya Watu Wawili

Mpendwa Wambui,

Hapa Rongai tuko salama. Mahindi yamebeba vizuri, na babu yako bado anabishana na redio. Jumamosi akina mama tutaadhimisha haki ya wanawake kupiga kura. Tutapanga laini uwanjani kama enzi za kura ya mlolongo, wasichana waone.

Umeuliza kama niliogopa nilipopiga kura mara ya kwanza. Niliogopa. Hapakuwa na karatasi za siri. Ulisimama nyuma ya picha ya mgombea wako, watu wote wakikutazama. Nilisimama kwa mwalimu mmoja, mwanamke pekee aliyegombea. Nilikuwa peke yangu.

"Mama Njeri, umekosea laini!" babu yako aliita kutoka laini ndefu ya mgombea mwingine, tajiri wa hapa kwetu.

"Sijakosea, Baba Njeri."

"Baba Njeri, leo utalala njaa!" mtu akadakia, wakacheka.

Nilikuwa karibu kuhamia laini ya babu yako. Hapo Mama Otieno, mke wa fundi wa reli, akaacha laini aliyosimama na mumewe, akasimama nyuma yangu. Hatukuwa hata marafiki.

"Huyo mwalimu simjui vizuri," alininong'oneza. "Lakini hutasimama peke yako. Haya, songa, jua linanichoma."

Mwalimu alishindwa. Babu yako alinuna kwa siku kadhaa, kisha akaniuliza, "Kwani uliona nini kwa yule mwalimu?" Tulizungumza mpaka chai ikapoa.

Namshukuru Mama Otieno mpaka leo. Kama ningehamia laini ya babu yako, asingeniuliza kamwe ninavyoona mambo.

Shosho wako