Simba Aliyemeza Kengele

Bwenini, Ngara
Jumapili, baada ya ibada

Bibi yangu mpendwa, mke mwenzangu,

Shikamoo. Naamini umeshaitikia marahaba kwa sauti, hata kama uko peke yako jikoni. Goti linaendeleaje? Na mume wetu bado anakohoa kila akitaka chai? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, ila usimwambie Mama.

Kabla hujaendelea kusoma, tafadhali ficha miwani ya Babu.

Mwalimu wetu wa historia alituagiza kila mmoja aandike habari za mtu wa kwanza wa ukoo wake kufika pale wanapoishi sasa. Nilifurahi, maana habari za mzee Machibya, baba yake Babu, nazijua kama jina langu. Kwamba alitoka Shinyanga na ng'ombe wake, akalala Keza, huku huku Ngara, siku tatu. Kwamba simba alimla mtamba wake bora, akammeza pamoja na kengele ya shingoni, ile iliyobonyea upande mmoja. Na kwamba mzee alimfukuza simba kwa mkuki, akifuata mlio wa kengele tumboni mwake, hadi Biharamulo, ambako simba alichoka na yeye akajenga. Niliandika kurasa nne. Wala sikuwahi kushangaa kwamba kila Krismasi simba huyo anaongezeka ukubwa.

Jumamosi iliyopita niliruhusiwa kwenda Keza nyumbani kwa Anitha, anayelala kitanda cha juu yangu. Bibi yake, mzee sana lakini mwepesi wa maneno, alitunawisha mikono, zikaletwa ndizi zilizopikwa na maharage. Nilikula tatu kwa adabu, nikaacha nafasi tumboni. Kisha nikakaa, mkono juu usichafuke. Wenzangu wakala mpaka wakashiba, sahani zikaanza kukusanywa. Mimi natazama mlango wa jikoni tu.

"Mbona huli, mjukuu wangu? Unasubiri nini?"

Unaijua aibu yangu. Nilijibu huku nikiangalia mkeka, "Nasubiri chakula."

Anitha alijifunika uso kwa kanga. Bibi yake alinitazama, akaanza kucheka, akacheka hadi akashika ukuta.

"Wewe Msukuma!"

"Ndiyo, Bibi. Wa Biharamulo."

"Kumbe hamjapona bado!"

Ndipo akanisimulia. Alipokuwa mtoto ambaye hajang'oka meno, baba yake alimkaribisha Msukuma mmoja aliyepita na ng'ombe. Mgeni akaletewa ndizi, akala mbili, akashukuru, akakaa anasubiri. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu akamwinamia mama mwenye nyumba, akamwuliza kwa huruma, "Mama, poleni sana. Mahindi yenu yaliungua?"

Yule mama, aliyekuwa amechagua mkungu bora kuliko yote shambani, alinuna mpaka kesho yake. Mgeni alipoelezwa kwamba chakula chenyewe ndicho hicho, alishikwa na haya. Asubuhi akamwachia mwenyeji wake mtamba wake bora kuomba radhi, akaondoka na njaa yake kutafuta nchi ya watu wanaosonga ugali.

"Aliitwa nani, Bibi?"

"Machibya. Siku ile ya tatu alikuwa mwembamba sana."

Bibi, nilibisha! Mimi, ambaye kwenye mdahalo kazi yangu ni kushika saa. Nilisema, "Huyo ni baba yake Babu! Lakini mtamba wake aliliwa na simba."

"Simba gani? Njoo huku."

Akanipeleka zizini, nyuma ya migomba. Ng'ombe mmoja mwekundu akageuza shingo, kengele ikalia. Niliishika. Imebonyea upande mmoja.

"Baba yangu hakuwa na hata mbuzi," akasema. "Hawa wote ni uzao wa mtamba yule. Babu yako mwambie tunaicheka ile njaa tu. Mtamba tunamshukuru mpaka leo."

Sasa shida yangu ni hii. Mwalimu anataka nisome kazi yangu siku ya wazazi, na najua Babu ameshaagiza koti lake lipigwe pasi. Bibi yake Anitha naye anakuja. Nikisoma simba, namdanganya mtu aliyekuwepo. Nikisoma ndizi, namwaibisha Babu mbele za watu, yeye aliyenibembeleza nije shule huku, wakati nalia sitaki kuwaacha. Siogopi kugombezwa. Naogopa asije akaacha kunisimulia.

Halafu nimekumbuka kitu. Kila simba akifika kwenye hadithi, wewe huinuka kwenda kuangalia sufuria, hata kama hakuna kitu motoni. Je, ulikuwa unajua? Kama ulijua, nisaidie. Mwambie wewe, taratibu, akishashiba.

Nisalimie Mama. Pacha wangu Doto mwambie vitabu vyangu nilivihesabu kabla sijaondoka. Baba mdogo, aliyekuletea barua hii kwa pikipiki, mpe maji ya kunywa, maana atasema ametoka mbali hata kama alipitia sokoni kwanza. Na mume wetu ajiandae: bibi yake Anitha atakuja na sufuria ya ndizi, na amesema atakaa mbele yake mpaka ziishe.

Kazi nimeiandika upya. Ndizi zimo, njaa imo, mtamba yumo. Ila katikati nimeacha mistari mitatu mitupu. Babu akiniomba sana, nitamwingiza simba hapo, aungurume kwa mbali. Lakini mtamba hatamla, kwa sababu kengele nimeishika kwa mkono wangu.

Ukishamwambia, mrudishie miwani yake, umpe na barua hii aisome mwenyewe.

Mke mwenzako mdogo,
Kulwa