Santuri za Bibi Zuleikha na Saini Nisiyoitia

Kwako Bibi Zuleikha,

Barua hii haitakufikia, najua. Lakini ungekuwepo ungeniambia niisome kwa sauti na nisimeze maneno, basi naisoma kwa sauti. Jirani yangu hapa Deira, dada wa Kiganda anayelinda mlango wa hoteli zamu ya usiku, amekwisha kunigongea ukuta mara mbili, maana huu ndio wakati wake wa kulala. Atanisamehe. Barua nimeiacha wazi kwa makusudi, wasome na wengine, kwa sababu nimechoka kusikia kwamba sisi tuliokuja Dubai kutunza wazee wa watu hatuna la kusimulia ila mateso. Mimi ninalo jingine, na ni lako.

Nilifika nyumbani kwenu Bur Dubai mwanzoni mwa muongo huu, nina miaka ishirini na minne, nimetoka Likoni na begi moja na Kiingereza changu cha kidato cha nne. Binti yako Samira alinifungulia mlango, akanionyesha jikoni, choo na dawa zako, akaenda zake kazini. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha, miguu imevimba, kanga imetulia mabegani. Nikakuamkia, nikakuita madam.

"Madam ni Samira," ukasema. "Miye niite Bibi. Wajua kupika mbaazi za nazi?"

Nikasema najua. Ukasema tutaona. Moyo wangu uliokuwa juu tangu uwanja wa ndege ukashuka hapo hapo, kwa kusikia Kiswahili cha kwetu pwani, na sijawahi kukushukuru kwa hilo.

Santuri zako niliziona siku hiyo hiyo, kabati zima, mia tatu na kitu. Marehemu mumeo, Bwana Seif, alikuwa karani kwenye duka la vyombo vya umeme lililokuwa wakala wa kampuni moja kubwa ya santuri ya Marekani. Kila shehena ikija alikuletea moja. Jina la kampuni hukulitaja hata siku moja. Ulisema "Kampuni" tu, kana kwamba duniani hapakuwa na nyingine, nami nitakufuata kwa hilo.

Sasa nitaje kosa langu, maana bila lile kosa tusingefika popote. Ilikuwa mwezi wa saba, sina hata miezi miwili kwako. Ulikuwa umelala baada ya chakula cha mchana. Nikaona vumbi kwenye zile santuri, nikajiambia, Mishi, leo Bibi ataamka akute mambo yanametameta. Nikatoa kumi na moja za rafu ya juu, nikazisugua kwa sabuni ya vyombo, nikazipanga barazani juani zikauke, nikaingia kuswali adhuhuri. Nani anayeanika kitu cha plastiki kwenye jua la Dubai mwezi wa saba? Mimi. Kwetu kila kinachooshwa huanikwa. Nilipotoka nilikuta zimejikunja kingo kama chapati iliyosahauliwa kaangoni, na zile karatasi za duara za katikati, lebo, zimebanduka zinapepea sakafuni.

Nilitamani sakafu ipasuke. Samira aliporudi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema, "Mama, huyu arudishwe ofisi iliyomleta, khalas, watatupa mwingine."

"Zilikuwa zako au zangu?" ukamuuliza.

"Zako, Mama."

"Basi mwachie mwenye msiba alie."

Siku mbili hukunisemesha. Nilikupaka mafuta ya miguu kimya, nikakulisha kimya. Siku ya tatu, Ijumaa baada ya alasiri, uliniita, ukanipa daftari la shule na kalamu. Ukazipanga zile lebo kumi na moja mapajani kama mtu anayetandaza karata. Ukasema, "Hizi haziimbi tena. Basi weye utaandika zilitoka wapi, zisipotee mara mbili."

Hiyo ndiyo adhabu uliyonipa. Kila Ijumaa, lebo moja. Mimi nilikusomea Kiingereza kilichoandikwa nyuma ya jalada, maana macho na Kiingereza vyote vilikuwa vimekupungukia, nawe ulinieleza yale ambayo Bwana Seif alikuwa akikusomea kutoka kwenye barua na orodha za Kampuni. Ndivyo nilivyojua kwamba Kampuni haikuanza na wimbo, ilianza na kabati. Jamaa mmoja muuza samani, katika mji wa baridi huko Marekani, alikuwa akitengeneza makabati ya gramafoni, na hayanunuliki, kwa sababu watu hawana cha kupiga. Akaamua kutengeneza santuri ili auze makabati. Nilicheka sana. Ukaniambia nisicheke, vitu vingi vizuri vimeingia duniani kwa mlango wa jikoni.

Ulinifundisha kutazama rangi. Lebo ya dhahabu, Kampuni bado ni ya muuza samani. Ya buluu, imenunuliwa na watu wa redio. Nyekundu, watu wa sinema. Ya kijivu, watu wa vileo, na hapo ulisonya. Kulikuwa na lebo ya kahawia pia, ambayo Kampuni iliitenga kwa waimbaji weusi, iuzwe mitaa yao tu. Kumbe wapishi na madobi wa mitaa ile walinunua santuri kuliko matajiri, wakaiokoa Kampuni mwaka ilipokaribia kufunga mlango. Uliipenda ile ya kahawia kuliko zote, na mimi, mwana mkosi, nilikuwa nimeharibu nne.

Moja kati ya hizo nne ilikuwa ya mwimbaji aliyekuwa dobi. Sitaandika jina lake; wewe mwenyewe ulimwita dobi. Nilikusomea jaladani kwamba alipanda treni siku nzima, akaimba nyimbo nane asubuhi moja, akapewa ujira wa mara moja na chakula cha mchana, akaweka alama ya msalaba kwenye mkataba kwa kuwa hakujua kuandika, akarudi kwao kufua. Nyimbo zake zikapita mikono yote, kutoka enzi ya lebo ya dhahabu hadi ya kijivu. Kila Kampuni ilipouzwa, na sauti yake iliuzwa humo humo, naye yuko kwenye beseni lake hana habari.

"Alisomewa?" ukaniuliza.

"Nani, Bibi?"

"Yule dobi. Kabla hajatia alama, kuna mtu alimsomea ile karatasi?"

Nikatazama jalada mbele na nyuma. "Hawakuandika."

"Wangemsomea wangeandika. Watu hawaachi kujisifu."

Lakini hukuichukia Kampuni, na hilo lilinichanganya. Nilikuuliza mbona unaipenda na imemdhulumu mtu. Ukasema bila wao usingemsikia, na kwa kumsikia wewe ulipata kuvumilia miaka yako ya kwanza hapa, umetoka pwani yetu, uko ugenini, hujui mtu. Ukasema mtu aweza kumshukuru aliyemletea maji na bado akamwambia ndoo umeiiba. Sijasikia tena mtu akilisema jambo hilo vizuri hivyo.

Tukamaliza lebo kumi na moja, tukaendelea na zile nzima. Miaka miwili ikaenda. Nikajua kukukanda goti, kukupima sukari, kusikia kikohozi chako cha kweli na kile cha kutaka kuonewa huruma. Daktari wako akaniambia siku moja nina mkono wa muuguzi. Neno lile liliniingia. Nikaomba nafasi chuo cha uuguzi Mombasa kwa siri, kwa simu, nikiwa chooni kwenu, na nikakubaliwa. Masomo yangeanza mwezi wa kwanza. Sikumwambia mtu. Nilikuona wewe na ile miguu yako, nikajiambia nitasema kesho, na kesho haikufika.

Badala yake akafika Samira na karatasi mbili za Kiarabu. Sitamsema vibaya Samira. Alikuwa na kazi, watoto watatu na mama mgonjwa, na aliogopa kukosa mtu kama mimi. Akaziweka mezani. "Mishi, saini hapa na hapa. Ni kawaida tu ya kuongeza muda. Yalla, nina mkutano."

Nilishika kalamu, Bibi. Nikubali ukweli wangu. Nilikuwa na barua ya chuo simuni, na bado nilishika kalamu, kwa haya tu. Mtu amesimama, ana haraka, amenikalisha nyumbani kwake miaka miwili. Nitaanzaje kumwambia ngoja?

"Umesoma?" ukauliza kutoka kitini kwako.

"Ni Kiarabu, Bibi."

"Leta."

Samira akasema, "Mama, ni mambo ya kawaida." Wewe ukawa unafuta miwani kwa upindo wa kanga. Halafu ukaisogeza karatasi karibu na macho, ukanisomea. Miaka miwili mimi ndiye nilikuwa nikikusomea, siku hiyo ukanisomea wewe, mstari kwa mstari, Kiarabu kisha Kiswahili, taratibu, Samira akitazama saa. Ukurasa wa kwanza ulikuwa kweli wa kawaida. Wa pili ulisema kwamba kwa miaka mitatu sitaondoka nchini wala kuhamia kwa mwajiri mwingine, na pasi yangu ya kusafiria itabaki kwa mwenye nyumba. Mstari wa mwisho kabisa ulisema kwamba mfanyakazi amesomewa haya yote kwa lugha yake na ameyaelewa.

Huo uliusoma mara mbili. Kisha ukamtazama binti yako, si kwa hasira. "Samira, nani alimsomea?"

Samira akainama autazame mstari ule. Alikuwa amepokea karatasi kutoka ofisi iliyonileta kama zilivyo, na nadhani naye hakuwa amezisoma.

"Mishi," ukasema, "weye wataka nini?"

Hapo nikalia, nikalisema lote, chuo, mwezi wa kwanza, choo, kila kitu. Ulitazama miguu yako. Ukasema kama unayejisemea, "Sasa nani atanipaka mafuta?"

"Nitabaki, Bibi," nikasema, na wallahi ningebaki.

"Hutabaki." Ukamrudishia Samira karatasi. "Huyu hatii saini. Mletee pasi yake."

"Mama, na wewe nani atakuangalia?"

"Nimeshaangaliwa. Sasa naangalia miye."

Alasiri hiyo nilikuletea chai, ukaiacha ipoe, ukawa unazihesabu upya chupa zako za mafuta ya miguu. Uliogopa. Nilikuona. Nataka ujue kwamba nilikuona, na kwamba wema ule sikuuchukulia kuwa rahisi kwa kuwa ulisemwa kwa maneno machache.

Nikaenda. Miaka mitatu nilisoma Mombasa, na karibu kila Ijumaa tukatumiana ujumbe wa sauti. Ulinieleza kuhusu mtunzaji mpya asiyejua mbaazi, bei ya iliki kule sokoni Al Ras, na sukari yako, ambayo kila mara ilikuwa nzuri mno. Kila mara ulimaliza kwa kusema huna neno, uko salama salimini. Mwaka wa mwisho jumbe zilikuwa fupi, nami nikadhani umechoka na mambo ya simu. Wiki ya mtihani wa mwisho nilipiga, akapokea Samira. "Bibi amelala, Mishi. Maliza mtihani kwanza, halafu utapiga." Nilinuna kidogo. Ijumaa ile ile ukaja ujumbe wako, nikafurahi, nikakujibu kirefu, nikakutajia hata maswali yaliyotoka. Baada ya hapo simu yako haikupokewa tena, nami katika pilikapilika za kutafuta kazi huku nikajiambia nitakuja mwenyewe.

Mwaka huu nimerudi Dubai kama muuguzi, kwa mkataba niliousoma kwa siku tatu. Siku yangu ya kwanza ya mapumziko nilivuka kwa abra, ile mashua ya abiria, kuja Bur Dubai, nina mbaazi kwenye chombo. Samira alifungua mlango, akaona chombo, akaanza kulia kabla hajanikaribisha.

Akanikalisha, akanieleza. Ulianguka bafuni mwaka wangu wa pili na hukusimama tena. Ukawakataza wasiniambie, maana ulijua ningeacha chuo siku hiyo hiyo. Na kweli ningeacha. Ulipoona nguvu zinakwisha, asubuhi moja ulimwambia Samira akushikie simu, ukasema salamu saba, moja baada ya nyingine, ukipumzika katikati. Ukamwagiza awe ananitumia moja kila Ijumaa, lije litakalokuja, mpaka nimalize. Mbili za mwisho alizituma ukiwa umeshazikwa. Samira alinifungulia simu yako nione majibu yangu yote yamo humo. Ya mwisho alikuwa ameyasikiliza yeye, amekaa kwenye kiti chako, kwa kuwa aliona aibu kuyaacha bila msikilizaji.

Bibi, nilikukasirikia wiki nzima. Ulininyima kukuosha, ulininyima hata kukulilia kwa wakati wake. Nimewaosha wagonjwa wa watu wengi, na wewe uliyenipa kazi hiyo sikukuosha. Hasira imeisha, imebaki shukrani, na shukrani hii ina uzito sijui nitaiweka wapi, ndiyo maana nimeiandika.

Ujumbe wa saba bado ninao. Unakohoa kwanza, kikohozi cha kweli, na mimi muuguzi mtarajiwa sikukitambua. Kisha unasema, "Mishi, miye sijambo. Usinijibu leo, una mtihani."

Nikakujibu.

Mungu akupe mapumziko yasiyo na maumivu ya miguu.

Mimi mwanao wa Likoni uliyekataa abaki,
Mishi