Fishi za Maman Séraphine

Bukavu, 11 Septemba 2023

Tonton Tambwe,

Assalam aleikum. Habari za Uvira na joto lenu? Sisi wazima, mama anakusalimu. Moyo wangu tu ndio haujatulia.

Ile programu niliyoitengenezea maternité, hospitali ya uzazi ya hapa Kadutu, ya kutafuta fishi, yaani kadi za wagonjwa, inanitesa. Wanawake niliowaandika wiki hii inawapata. Wa zamani, niliowanakili kutoka kompyuta ya sekretari, inasema hawapo, na mimi nawaona mle ndani! Wala haionyeshi kosa. Leo amefika mama mmoja, Colette, na uchungu wa kuzaa, aliwahi kupasuliwa, nami nikajibu hayumo. Maman Séraphine, mkuu wa wakunga, akaenda kuchimbua kabati mwenyewe. Akaniambia: "Salwa, mashine yako iko inadanganya. Samedi tunarudia makaratasi."

Makaratasi yakirudi Jumamosi hiyo, kazi yangu imekwisha. Nisaidie.

Mpwa wako,
Salwa

Uvira, 12 Septemba 2023

Salwa mama,

Wa aleikum salaam. Joto lipo, linatupika polepole. Colette amejifungua salama? Umeniandikia machozi tele, lakini mstari wa programu hakuna hata mmoja!

Nadhani ndani ya swali unaloiuliza kompyuta umeweka alama za kuuliza (?) mahali pa majina, na majina unayapeleka pembeni, kama nilivyokufundisha. Vizuri. Ila alama hizo ni viti tu: jina linalotangulia linakaa cha kwanza, na mashine haiulizi wewe nani. Iamuru ikuonyeshe kwenye skrini majina inayoyapeleka, kwa mpangilio wake. Kisha yasome kwa sauti mbele ya mtu wa maternité.

Tonton wako,
Tambwe

Bukavu, 16 Septemba 2023

Tonton,

Assalam aleikum, na unisamehe kimya changu. Colette ana binti, wote wazima.

Nilisoma kwa sauti: "Colette, Furaha, Nabintu." Maman Séraphine hakuinua hata kichwa. "Unaita nani vile? Ni Furaha Nabintu Colette. Prénom iko ya mwisho."

Nilicheka peke yangu. Si unajua kwetu Waislamu: Salwa, kisha jina la baba, kisha la babu! Ndivyo nilivyoyapanga majina ninapotafuta, prénom, jina la mtu mwenyewe, mbele, na swali lilikuwa linangoja nom kwanza, postnom la pili, prénom mwisho, kama sekretari alivyowaandika wa zamani. Wapya nao niliwaandika kwa kosa hilohilo, ndiyo maana walipatikana. Sasa badala ya alama za kuuliza nimeweka :nom, :postnom, :prenom, kila jina linajua pake. Na wapya nimewasahihisha.

Leo ndiyo Samedi. Maman Séraphine aliketi mwenyewe, akatafuta wanawake wa zamani mmoja baada ya mwingine. Wote wakatoka. Mwishowe akavua miwani, akanigeukia:

"Na watoto wao? Utawaweka lini?"

Nimelia kwa furaha mbele ya wakunga wote. Keshokutwa, Lundi, naanza na watoto.

Mpwa wako,
Salwa